Kompyuta haijaja, picha zake zimejaa

LISEMWALO lipo, na kama halipo laja. Iwapo kuna watu wanaoiamini methali hii kwa moyo wao wote, basi ni wale wanaongojea kompyuta mpya. Kila kampuni kubwa inapokaribia kutoa mtambo mpya wa mezani, fununu huanza miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Huyu amesikia kwamba utakuwa mwembamba kama sinia. Yule ana rafiki wa rafiki aliyeuona kiwandani. Wa tatu ameketi akauchora kwa ustadi mkubwa, hivi kwamba ukiiona picha yake utadhani imepigwa kwa kamera.

Pengine, mpenzi msomaji, unajiuliza: hayo yananihusu nini mimi ninayeweka shilingi moja moja ili wanangu wapate kompyuta nyumbani? Yanakuhusu, tena sana. Kwanza, ukijua ni nini hasa kinachoamua sura ya kompyuta, hutababaishwa na muuzaji anayekusifia uzuri wa nje. Pili, fununu za mtambo ujao zimewahi kuwagharimu watu fedha na wakati, na zimewahi kuhusishwa na kuanguka kwa kampuni nzima.

Tuchukue mfano wa kampuni ya Apple ya Marekani na kompyuta yake iitwayo iMac. Ni vigumu kupata mtambo wa mezani ambao sura yake imebashiriwa na watu wengi kuliko huo.

Sanduku lapata sura

Waliofanya kazi katika ofisi za miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka kompyuta ya siku hizo, au tarakilishi kama wanavyopenda kuiita walimu wetu wa lugha. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, juu yake skrini nzito mithili ya televisheni, na nyuma nyaya zilizosokotana kama mizizi ya mkoko. Hakuna aliyejishughulisha kubashiri sura ya kompyuta ijayo, kwa sababu jibu lilijulikana: sanduku jingine.

Mambo yalibadilika tarehe 6 Mei, 1998. Siku hiyo Steve Jobs, aliyekuwa amerejea Apple mwaka uliotangulia akiikuta kampuni hiyo taabani, alisimama jukwaani katika mji wa Cupertino, California, akafunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na iMac ya kwanza. Skrini na kompyuta vilikuwa kitu kimoja, mwili wake umeviringana kama yai, na plastiki yake ya samawati ilipenyeza mwanga hata ukaweza kuona kivuli cha vitu vilivyomo ndani. Rangi yenyewe ilipewa jina la ufuo wa Bondi ulioko Sydney, Australia. Bei ilikuwa dola 1,299.

Mbunifu wake mkuu alikuwa Mwingereza, Jonathan Ive. Juu ya mtambo huo aliweka mpini wa kuubebea. Sasa wewe fikiria: kompyuta ya kilo 17 hivi, ya kukaa mezani, ina haja gani na mpini? Ive alieleza kwamba watu wengi walikuwa wakiiogopa kompyuta, na mtu hagusi kitu anachokiogopa. Mpini humwambia bila maneno: nishike, sikuumi. Yeyote aliyewahi kumwona mzazi akikaa umbali wa hatua mbili kutoka kwa kompyuta ya mtoto wake ataelewa mara moja maana ya maneno hayo.

Wapo waliolalamika kwamba mtambo huo haukuwa na tundu la kuingizia diski zile bapa zilizotumiwa na kila mtu wakati ule. Hata hivyo, ulipoanza kuuzwa Agosti 15, watu waliununua kwa pupa, na kabla ya mwaka kwisha takriban 800,000 zilikuwa zimeuzwa. Januari 1999 zikaja rangi tano zilizopewa majina ya matunda, yakiwemo zabibu, chenza na ndimu.

Tangu hapo watu wakatambua kwamba kompyuta nayo yaweza kuwa na sura yake. Na palipo na sura, pana watu wa kuibashiri.

Alizeti bustanini

Kufikia mwaka 2001 swali lilikuwa moja tu: iMac ijayo itakuwaje? Skrini bapa zilikuwa zimeanza kushuka bei, kwa hivyo kila mtu alijua kwamba ile televisheni nzito ingeondoka. Jibu lililoonekana la kawaida lilikuwa kuchukua skrini bapa na kuificha kompyuta nyuma yake.

Waliofikiri hivyo hawakuwa wajinga. Ive mwenyewe alianza na wazo hilo hilo. Lakini Jobs alipoonyeshwa mfano wake hakuridhika. Alimwita Ive nyumbani kwake, wakatembea katika bustani ambamo mke wa Jobs, Laurene Powell, alikuwa amepanda alizeti. Hoja ya Jobs ilikuwa nyepesi: kuna faida gani kuwa na skrini nyembamba kisha kuibebesha mzigo mgongoni? Na kwa nini kuzisimamisha wima sehemu ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikilala? Kila kitu na kiachwe kiwe kile kilivyo. Alizeti ina uso wake juu na mguu wake chini, wala haulazimishi mmoja uwe mwingine.

Matokeo yake yalionekana San Francisco tarehe 7 Januari, 2002. Chini palikuwa na kitako cheupe mithili ya nusu ya mpira, upana wake sentimita 27 hivi, na humo ndimo kompyuta yote ilimokaa. Kutoka kwacho ulichomoza mkono wa chuma king'aacho, na mwisho wa mkono huo skrini bapa ambayo ungeweza kuiinua, kuishusha au kuigeuza kwa kidole. Wengine waliifananisha na taa ya mezani.

Siku chache kabla ya hapo, Apple yenyewe ilikuwa imetamba kwamba kilichokuwa kikija kilizipita fununu zote. Na kweli kilizipita, ila siri haikufika asubuhi. Jarida la Time lilikuwa limepewa habari hizo mapema kwa ajili ya ukurasa wake wa mbele, na usiku wa kuamkia uzinduzi tawi lake la Kanada likazitoa katika mtandao wa intaneti. Kubashiri kwa miezi mingi kukaisha usiku mmoja.

Miezi miwili bila mtambo

Zingatia yaliyofuata, msomaji, kwa maana hapa ndipo penye somo.

Mwanzoni mwa Julai 2004 Apple ilitangaza jambo la kushangaza. iMac ile ya alizeti ilikuwa inamalizika madukani, na iliyofuata haikuwa tayari. Kampuni iliacha kupokea maagizo, ikakiri kwamba mipango yake haikwenda sawa, na ikaahidi mtambo mpya mwezi Septemba. Kwa miezi miwili basi, aliyetaka iMac hakuwa na cha kununua isipokuwa mabaki, na kilichokuwapo tele ni tetesi.

Mabishano yalikuwa makali. Ilijulikana kwamba mtambo mpya ungetumia prosesa iliyoitwa G5, na prosesa hiyo ilikuwa na sifa ya kutoa joto kama jiko la makaa. Kompyuta kubwa ya G5 iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa na feni tisa ndani yake. Katikati ya mwaka 2004 ile yenye kasi kuliko zote ilibidi ipozwe kwa maji yanayozunguka ndani ya mirija, kama injini ya gari. Mtu angewezaje kuuweka moto huo ndani ya mtambo mwembamba?

Jibu lilitolewa Paris, Ufaransa, tarehe 31 Agosti, 2004. Jobs alikuwa akiuguza kidonda cha upasuaji, hivyo mwenzake Phil Schiller ndiye aliyepanda jukwaani. iMac mpya ilikuwa skrini bapa ya unene wa sentimita tano, imesimama juu ya mguu wa alumini, na kompyuta yote imefichwa nyuma ya skrini!

Naam, lilikuwa ni wazo lile lile lililokataliwa bustanini. Waliolichora kabla ya mwaka 2002 walikosea. Waliolichora mwaka 2004 wakapata. Picha ni moja, jibu ni mbili. Kilichobadilika ni vitu vya ndani. G5 iliyotiwa humo ilikuwa ya kasi ndogo kuliko ile iliyopozwa kwa maji, na njia za hewa zilipangwa upya ili joto lipande na kutokea juu kwa nyuma.

Mtambo huo ulikuwa na jambo moja zuri ambalo mafundi walilipenda. Uliulaza kifudifudi, ukalegeza skrubu tatu, na mgongo wote ukatoka. Mwenyewe angeweza kubadilisha diski au kuongeza kumbukumbu bila kumwita fundi. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baadhi ya iMac hizo zilianza kuzimika au kuonyesha picha zilizovurugika. Ndani mlikuwa na vijipipa vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyokuwa vikivimba na kupasuka, na Apple ikalazimika kuweka mpango wa kuzitengeneza bure zile zilizoathirika.

Joto ndilo fundi

Kutokana na mkasa huo tunapata kanuni ya kwanza: anayechora sura ya kompyuta kwa hakika ni joto. Mbunifu hupendekeza, joto likaamua.

Mathalan, Julai 2000 Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Power Mac G4 Cube. Ilikuwa mchemraba wa upana wa sentimita 20 hivi, ndani ya plastiki angavu, bila feni hata moja. Hewa ya moto ilipanda yenyewe kupitia katikati na kutokea juu, kama moshi katika dohani. Ilikuwa nzuri hata jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York likaiweka katika hazina yake. Ila wanunuzi waliiona ghali, na baadhi yao walilalamikia mistari kwenye plastiki iliyofanana na nyufa. Haikumaliza mwaka, Julai 2001 ikasimamishwa.

Mwaka 2013 ikaja Mac Pro yenye umbo la mcheduara, nyeusi ing'aayo, na feni moja tu juu. Wenye mizaha waliiita pipa la taka. Umbo lile lilitegemea joto ligawanyike sawasawa katika pande tatu. Mahitaji ya watumiaji yalipobadilika, wakataka sehemu moja kubwa yenye moto mwingi, pipa likawa jela. Mwezi Aprili 2017 wakuu wa Apple waliwaita waandishi wa habari wachache wakakiri kwamba umbo hilo lilikuwa limewafungia njia. Waliahidi mtambo mwingine ambao sehemu zake zingeweza kubadilishwa.

Kusikia hivyo, wabashiri walishika kalamu. Wengi walichora vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama sufuria za kambarau. Juni 2019 mtambo wenyewe ukaja, na loo! Ulikuwa sanduku la chuma lenye matundu mengi mbele, la kufanana na kibao cha kukunia jibini, sura ambayo Apple ilikuwa imewahi kuitumia miaka mingi nyuma. Sanduku lina nafasi, nafasi huleta hewa, na hewa hufukuza joto. Kitu kipya kilichozua vicheko kilikuwa magurudumu yake manne, ambayo mnunuzi aliyeyataka aliongezewa dola 400.

Kidevu kilichobaki

Turudi kwa iMac. Mwanzoni mwa mwaka 2021 fununu zilikuwa zimepamba moto tena. Kwa miaka mingi iMac ilikuwa na kipande kipana chini ya skrini, ambacho watu walikiita kidevu. Magazeti makubwa ya biashara yaliandika kwamba mtambo mpya ungekuja bila kidevu. Wengine walisema kwamba rangi nyingi za mwaka 1999 zingerudi.

Tarehe 20 Aprili, 2021 pazia likafunuliwa. Rangi zilirudi kweli, tena saba. Kidevu nacho kilikuwa pale pale! Kilibaki kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa imehamia humo. Prosesa mpya, M1, haikutoa joto jingi, hivyo ubao wote pamoja na feni zake ndogo vilitosha ndani ya kidevu, na sehemu nyingine ya mtambo ikawa na unene wa milimita 11.5 tu.

Wembamba huo una gharama zake, na hazikuonekana katika mchoro wa mtu yeyote. Tundu la vifaa vya kusikilizia masikioni lilihamishiwa ubavuni, kwa kuwa plagi yake ni ndefu kuliko unene wa mtambo. Kifaa cha kubadilisha umeme kilitolewa nje kikawa kisanduku cha kulala sakafuni. Na kumbukumbu ya mtambo huo huwezi kuiongeza baadaye. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachoishi nacho.

Mfano wa mwisho ni Mac mini ya mwezi Oktoba 2024. Hii ni kompyuta isiyokuwa na skrini. Unainunua, ukaiunganisha na skrini yako. Tetesi zilisema kwamba ingekuwa ndogo sana, na ikawa kweli: upana wake ulishuka kutoka sentimita 19.7 hadi 12.7. Kilichowashangaza watu ni swichi ya kuiwasha. Iliwekwa chini ya mtambo, kwenye kona ya nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kuiwasha Mac mini hiyo sharti aiinue kidogo!

Hii ndiyo kanuni ya pili. Fununu zaweza kukwambia ukubwa, na pengine hata rangi. Ni nadra kukwambia jinsi utakavyoishi na mtambo huo kila siku: utaushika wapi, utachomeka nini, na ukiharibika nani ataufungua.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Mwaka 1981, Adam Osborne alianza kuuza Marekani kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na skrini ya inchi tano, lakini mtu aliweza kuifunga kama sanduku la safari akaenda nayo, na ilinunuliwa sana. Mapema mwaka 1983, kabla ya mtambo uliofuata kufika madukani, Osborne akaanza kuutangaza na kuusifu. Wanunuzi walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: waliacha kununua wa zamani, wakangojea mpya. Kabla ya Septemba ya mwaka huo kwisha, kampuni ilikuwa imefilisika. Wapo wasemao kwamba ushindani na madeni vilichangia pakubwa, na huenda ni kweli. Hata hivyo, hadi leo wafanyabiashara wa kompyuta humtaja Osborne wanapoonyana wasiseme mapema.

Ikiwa fununu za kitu kizuri kijacho zinaweza kuitikisa kampuni, hebu fikiria zinavyoweza kuifanya nyumba. Mzazi anakusanya fedha, akaambiwa na kijana wa dukani au na shemeji yake kwamba mwaka huu usinunue, kuna nyingine inakuja. Mwaka unapita. Nyingine inakuja, nayo pia inaandamwa na fununu za nyingine. Mtoto aliyekuwa darasa la sita sasa yuko sekondari, na bado hajui kupiga chapa kwa vidole zaidi ya viwili. Fedha zilikuwapo. Kilichopotea ni miaka ya mtoto, na hiyo hakuna duka liuzalo.

Basi tenganisha tangazo na uvumi. Kampuni yenyewe ikitangaza mtambo na kutaja tarehe, ni busara kungojea wiki chache, kwa sababu bei ya ule wa zamani aghalabu hushuka, na huo wa zamani huenda ukakutosha. Lakini asiyetaja tarehe hana ahadi ya kutimiza. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na siku utakaposimama mbele ya kaunta, iwe unanunua mpya au iliyokwisha kutumika ng'ambo, usianze na sura. Uliza kwanza hewa huingilia wapi na kutokea wapi, maana vumbi letu lina mazoea ya kuziba matundu, na kompyuta isiyopumua haidumu. Uliza iwapo kumbukumbu na diski vinaweza kuongezwa baadaye au vimefungiwa moja kwa moja. Hesabu matundu yake ukilinganisha na vitu ulivyo navyo: printa, kipanya, kibodi, diski ya kubebeka. Uliza kisanduku cha umeme kikiungua chapatikana wapi na kwa bei gani. Ukiweza, weka kando fedha za kifaa cha kuukinga mtambo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kwani siku moja ya stima kukatika na kurudi kwa kishindo yaweza kumaliza jasho la mwaka mzima.

Baada ya majibu hayo yote kukuridhisha, ndipo waite watoto wachague rangi.